Kulabu na Siku Ambayo Haijafika

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti karibu na redio. Mwenye sufuria jikoni apunguze moto. Leo tunamkumbuka mwanamke ambaye wengi wenu mlipishana naye barabarani bila kumjua. Watu walimwita Kulabu.

Kulabu alikuwa dereva wa brekidauni, lile lori lenye winchi nyuma linalokuja kuvuta magari yaliyoharibika na yaliyopondeka. Alifariki wiki iliyopita, mchana kweupe, akiwa kazini. Alikuwa na miaka arobaini na mbili. Kwa miaka mingi alitumia kokeini. Miaka mitatu ya mwisho hakuigusa. Narudia, kwa sababu familia yake imeniomba niyaseme yote mawili bila kuruka moja: alitumia, na aliacha.

"Tena useme alikuwa anapiga watu," mdogo wake aliniambia. "Usipolisema hilo, utakuwa umemsema mtu mwingine."

Basi nasema. Kulabu alikuwa anapiga watu.

Baba yake alikuwa fundi wa magari, akamzoesha yadi tangu akiwa msichana wa kuosha vipuri. Baba alipofariki, mwenye yadi akamwambia binti arudi nyumbani akamsaidie mama. Binti hakurudi. Alipanda kwenye lori la winchi, akaliwasha, akalirudisha kinyumenyume kati ya mizoga ya magari hadi langoni bila kugusa hata taa ya mtu. Akateremka. "Nani mwingine hapa anaweza?" akauliza. Mwezi huohuo akakabidhiwa funguo.

Kazi ile, wasikilizaji wapendwa, ni ya kugombania. Anayefika kwanza kwenye ajali ndiye anayepata gari la kuvuta. Siku moja dereva wa yadi nyingine alimtangulia, kisha akamrushia tusi la mama. Kulabu alingoja jamaa atulie ndani ya lori lake akichezea simu, akalipachika kulabu lori lenyewe kwa nyuma, akalivuta mtaa mzima, mwenye lori ndani akipiga honi na kulia kama mbuzi. Hapo ndipo jina la Kulabu lilipozaliwa. Watu walicheka hadi wakashika mbavu. Dereva yule hakucheka. Aliposhuka kuja kugomba alikula ngumi mbili, na tangu siku hiyo anapiga mluzi hata anapozungumza.

Huyo ndiye Kulabu kabla ya unga. Mkali, lakini mkali wa kusimuliwa watu wakacheka.

Kisha ikaja ajali ya basi na lori la saruji.

Dereva wa basi alikuwa hai ndani ya vyuma vilivyokunjamana. Alipitisha mkono kwenye upenyo, akamshika Kulabu kifundo cha mkono. Akawa anaongea. Aliongea kuhusu mkewe, na kuhusu kiatu chake kimoja ambacho hakukiona kilipo. Kulabu alimwambia avumilie, kisha akaashiria winchi ivute. Chuma kikafunguka. Kumbe chuma kile ndicho kilichokuwa kimeziba damu. Ilitoka yote kwa mara moja, ikamlowesha Kulabu hadi kiunoni. Mkono ulikuwa bado umemshika, lakini mwenye mkono alikuwa ameshaondoka. Ilibidi wambandue kidole kimoja baada ya kingine.

Tangu hapo usingizi ukamkimbia. Anafumba macho, anahisi kushikwa. Anafumbua, anatazama mkono.

Pale yadini palikuwa na mnunuzi wa vipuri vya magari yaliyopondeka. Aliitwa Mpole, maana hakuna aliyewahi kumsikia akipandisha sauti. Mpole alimwona Kulabu amekaa kwenye tairi, macho mekundu. "Pole, dada," akasema. "Kazi yenu hii si ya binadamu. Jaribu hii kidogo." Akamwekea unga mweupe kwenye ukucha wa kidole gumba.

Miaka mingi baadaye Kulabu alimweleza mdogo wake jambo hilo kwa sentensi moja tu. "Nilipovuta," alisema, "yule dereva akaniachia mkono."

Wasikilizaji wapendwa, msiniulize kwa nini mtu mwenye akili zake huanza. Mmesikia.

Mwanzoni alikuwa na nguvu za watu watatu. Alifika kwenye ajali kabla ya polisi. Alivuta magari usiku na mchana. Kisha unga ukaanza kumdai chake. Akawa anaona watu wakimnong'ona. Mwenzake wa kazi, mzee mmoja anayeendesha winchi, yule wanayemwita Babu Grisi, alinionyesha sikio lake la kulia. Halina ncha.

"Hili ni la kwake," aliniambia, tena kwa sauti ya mtu anayeonyesha picha ya familia. "Nilimpa spana namba kumi na tatu, yeye alitaka kumi na nne. Akanichapa na mnyororo. Kesho yake akaja na dawa ya kidonda, analia. Keshokutwa akanitukana tena."

Na Mpole naye akaanza kuomba fadhila. Polisi hawapekui gari lililopondeka likiwa linavutwa. Nani ataingiza mkono kwenye vioo na damu? Basi Mpole akawa anaficha vifurushi vyake ndani ya mizoga ya magari, na Kulabu akivuta. Huku anavuta magari, kule anavuta unga. Pande zote mbili aliyekuwa anavutwa ni yeye.

Nyumbani waliishi watatu. Mama, Kulabu, na mdogo wake wa kike, fundi cherehani anayeshonea sebuleni. Mchana mmoja mdogo mtu alikuwa akishona sare za shule. Kidonge cha uzi kikaviringika chini ya kochi. Alipopapasa kukitafuta, akagusa kifuko cha nailoni. Hakuhitaji kuambiwa. Akaenda nacho chooni, akamwaga, akavuta maji. Kulabu akaingia nyumbani maji yakiwa bado yanatiririka. Mkononi alikuwa na spana ya tairi, ametoka nayo kazini.

"Umemwaga nini?"

"Unajua nilichomwaga."

"Nimekuuliza. Sema!"

"Nimemwaga kinachokuua, dada."

Alimpiga mara moja, kwenye taya la kushoto. Mdogo mtu anasema alisikia mlio wa mfupa kabla hajasikia maumivu. Aliangukia cherehani, na cherehani ikamwangukia yeye, meno yake matatu yakabaki kwenye sare ya mtoto wa watu. Spana ikainuliwa tena. Mama alikuwa uani anaanua nguo. Aliingia mbio, akaweka mkono wake katikati. Spana ikatua kwenye mkono wa mama. Ukavunjika juu ya kiwiko na chini ya kiwiko.

"Hapo ndipo alipoacha kupiga?" nilimuuliza mama.

"Aliacha," mama akajibu. "Lakini si kwa ajili yetu. Alikimbilia chooni, akapiga magoti, akaanza kuchota yale maji kwa viganja."

Ndivyo ilivyokuwa.

Kulabu alifungwa. Alipotoka gerezani ilikuwa asubuhi. Kufikia mchana alikuwa ameshaonana na Mpole. Mwenye yadi, kwa uhaba wa madereva wenye roho ngumu, akamrudisha kwenye lori. Mama akamfungulia mlango, maana uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mdogo wake alimwita seremala, akafunga komeo la chuma upande wa ndani wa mlango wa chumba chake. Kila Kulabu alipoingia nyumbani, alisikia komeo lile likigonga. Ta!

"Watu wanadhani nilimchukia," mdogo mtu anasema. Anatafuna kwa upande mmoja tu hadi leo, na akisema sana taya linamuuma. "Sikumchukia. Nilimwogopa. Mtu unayemchukia unaweza kuhama ukamsahau."

Kilichomfikisha Kulabu kwenye matibabu hakikuwa majuto. Kilikuwa kifua. Alianguka yadini akiwa anakaza boliti, mkono umemganda, moyo unapiga kama injini inayokosa moto. Hospitalini walimpasua, wakamfungua mishipa. Daktari akamwambia wazi: "Mama, unga huu ukivuta tena, sitakuwa na kazi ya kufanya. Atakayekuwa na kazi ni mchimba kaburi." Akampeleka kliniki ya watu wenye uraibu, iliyokuwa mwisho wa korido ya hospitali hiyohiyo.

Wasikilizaji wapendwa, hapa naomba mtege masikio, kwa sababu haya ndiyo yaliyonifanya nitake kumsimulia.

Chumba kilikuwa kidogo. Viti viwili vya plastiki, feni iliyokufa, dirisha linalotazama maegesho ya magari. Mshauri alikuwa mwanamke kijana, mfupi, mwenye miwani. Kulabu alimpima kwa macho kuanzia viatu.

"Wewe mtoto," akamwambia, "umewahi kuvuta nini maishani? Hata gari la kuchezea?"

"Nimevuta subira, dada," mshauri akajibu. "Naivuta hata sasa hivi."

Kulabu alicheka bila kutaka. Akakaa.

Mshauri akamuuliza swali moja. "Mwakani, mwezi kama huu, utakuwa wapi?"

"Kaburini."

"Haya. Nipeleke."

"Nikupeleke wapi?"

"Kwenye hilo kaburi. Ni asubuhi au jioni? Nani wamekuja?"

Kulabu akaona ni mzaha, akaingia kwenye mchezo. Akasema ni asubuhi. Babu Grisi amekuja, amevaa shati lake la pekee lisilo na mafuta. Mama amekuja, mkono umejikunja.

"Na mdogo wako? Amesimama wapi?"

Kulabu akageukia dirisha.

"Mtazame vizuri, dada. Mdogo wako amesimama wapi?"

Kulabu aliinuka, akashika kiti alichokuwa amekalia, akakirusha. Kilipita juu ya kichwa cha mshauri kikapasua dirisha. Vioo vikamwagika. Walinzi wakaingia, wakamkandamiza Kulabu ukutani, mmoja akamkaba shingo, naye akamtia kiwiko cha pua hadi damu ikaruka. Mshauri alikuwa na vioo kwenye nywele. Lakini akawaambia walinzi: "Mwachieni. Hajanijibu."

Na Kulabu, uso umegandamizwa ukutani, akapiga kelele: "Hayupo! Hajaja! Yuko nyumbani, amefunga komeo!"

Hiyo ndiyo ilikuwa siku ya kwanza ya tiba.

Mshauri alinieleza hivi, nami nawaeleza kama nilivyoelewa. Mtu aliyekolea kokeini macho ya akili yake hufupika. Kitu kidogo cha sasa hivi hukishinda nguvu kitu kikubwa cha mwakani. Si kwamba hapendi watu wake. Ni kwamba mwakani haioni. Kwake ni neno tupu. Basi wanamfundisha kuiona tena. Hawamuulizi anataka nini. Wanamuuliza anaona nini, anasikia nini, ameshika nini. Siku moja ya wiki ijayo, siku moja ya mwezi ujao, siku moja ya mwakani. Siku zinazoweza kutokea kweli, si za ndoto za kushinda bahati nasibu. Akishazipata, anazirudia. Hamu inapomkaba, anajiingiza ndani ya ile siku na kukaa humo mpaka hamu ipite.

Kulabu alipata tabu. "Nataka kuwa mtu mwema," alisema.

"Mtu mwema hana sura," mshauri akamwambia. "Nipe siku."

Wiki baada ya wiki, hana siku. Alitukana. Alitoka na kuubamiza mlango hadi bawaba ikalegea, kisha kesho yake akaja na bisibisi yake mwenyewe akaikaza. Hatimaye, mchana mmoja, akasema kwa sauti ya chini: "Mvua inanyesha. Natoka jikoni na kikombe cha chai. Mdogo wangu amejilaza chumbani kwake. Mlango uko wazi. Napita. Hashtuki."

"Kikombe cha rangi gani?"

"Cha bati. Cheupe. Kimebanduka ukingoni."

"Kina joto?"

"Kinaniunguza vidole, lakini sikiweki chini."

Mshauri akamwambia ajirekodi kwenye simu kwa sauti yake mwenyewe. Akajirekodi.

Tangu hapo, Babu Grisi anasema, yeye akawa na mwenzake wa kazi aliyechanganyikiwa. Wanatoka kwenye ajali, jasho linamtoka Kulabu, anasimamisha lori pembeni. Anaanza kuongea peke yake. Chai. Mvua. Mlango.

"Unaongea na nani, binti?"

"Na mwakani. Nyamaza, asije akakata simu."

Je, ilikuwa kama kufuta ubao? Hapana. Wasikilizaji wapendwa, sitawauzia dawa ya miujiza. Wataalamu wenyewe wanasema bado wanaichunguza njia hii, na Kulabu alikuwa na mengine pamoja nayo. Alikuwa na vikao na wenzake, vipimo vya mkojo, na daktari wa moyo. Na alianguka tena kwenye unga, mara mbili. Mara ya pili ilikuwa baada ya kulitoa mtoni gari lililokuwa na familia nzima, mikanda imewafunga. Alivuta unga siku hiyo. Kesho yake alikwenda kliniki, akaupiga ukuta wa korido kwa ngumi mpaka vidole viwili vikavunjika.

Mshauri alimngoja amalize. "Mlango bado uko wazi?" akamuuliza. "Ukipita na chai?"

Kulabu akafumba macho, damu inamchuruzika kwenye kiganja. "Bado."

"Basi hukuivunja siku yako. Kaa tufunge huo mkono."

Hiyo ndiyo ilikuwa mara yake ya mwisho kutumia. Tangu hapo hadi anafariki, hakutumia tena.

Mwakani ikaja. Na nyingine nyuma yake. Komeo liliendelea kugonga. Ta! Kulabu hakulalamika. Alimwosha mama yake miguu, akamfunga kanga, kwa sababu mkono ule haukunyooka. Alijifunza kutunga uzi kwenye sindano kwa ajili ya mdogo wake, na vidole vile vya winchi vilichekesha watu. Halafu mchana mmoja alirudi nyumbani kuchukua glavu alizosahau. Mdogo wake alikuwa na homa. Mlango wa chumba ulikuwa wazi kabisa. Amelala chali, mdomo wazi, anakoroma kwa lile taya bovu.

Kulabu hakuingia. Alirudi kinyumenyume hadi nje, akakaa kwenye ngazi, akalia hadi majirani wakadhani mama amefariki. Kisha akampigia simu mshauri.

"Nilikosea hali ya hewa tu," alimwambia. "Leo ni jua."

Natamani ningeishia hapo. Lakini Mpole naye alikuwa hai, na biashara yake ilitaka lori.

Alikuja yadini na sauti yake ileile. Akapanda ndani ya lori la Kulabu bila kukaribishwa, akaweka kifuko juu ya dashibodi. "Dada, tumetoka mbali. Gari moja tu. Ukilivuta, hiki ni chako."

Kulabu alikitazama kile kifuko. Babu Grisi alikuwa nje ya mlango wa lori, na anasema alimwona akimeza mate, midomo inacheza bila sauti. Ikapita kama dakika nzima. Kisha Kulabu akamshika Mpole shingo, akapigiza uso wake kwenye dashibodi juu ya kifuko chenyewe, kikapasuka, Mpole akainuka mweupe kama aliyechovywa kwenye chokaa, mistari ya damu ikishuka katikati ya weupe.

"Umeniingilia kwenye siku yangu," Kulabu akamwambia. "Shuka."

Mpole hakupandisha sauti hata hapo. "Sawa, dada," alisema.

Siku ya pili wakaja wanaume watatu. Walimkuta amelala chini ya lori anakaza boliti. Wakamvuta kwa miguu. Wakampiga kwa mnyororo wake mwenyewe. Mbavu, mgongo, uso. Kulabu hakuwa mtu wa kupigwa bure. Mmoja alivunjwa mtulinga, mwingine aliondoka na alama ya meno kwenye shavu. Lakini watatu ni watatu. Mafundi walipofika na nondo, walimkuta anatema damu na kicheko. "Hawajui kupiga," alisema. "Wangekuja kwangu niwafundishe."

Usiku ule mdogo wake alimkanda uso kwa maji ya moto. Asubuhi, bado jicho moja halifunguki, Kulabu alikwenda polisi. Alieleza yote. Vifurushi, magari, njia. Akaeleza pia kwamba mvutaji wa magari hayo alikuwa yeye. Ofisa akamuuliza kama anaelewa kwamba anajishitaki mwenyewe. "Ninaelewa," alisema. "Andika."

Polisi wakamwachia kwa dhamana, wakaanza kumsaka Mpole. Na hiyo, wasikilizaji wapendwa, inatufikisha wiki iliyopita.

Mpole aliona kizuizi cha polisi mbele, akakata kona kwa kasi, akaingia chini ya trela lililobeba nondo za ujenzi. Paa la gari lake likakunjwa hadi kwenye usukani. Simu ikapigwa yadini. Aliyekuwa zamu ni Kulabu.

Babu Grisi ndiye aliyemtambua kwanza. Alimvuta Kulabu kando. "Binti," alimwambia, "tuseme winchi imekwama. Nani atajua?"

"Alinitazama," Babu Grisi ananisimulia, "kama vile nimemtemea mate kwenye chai yake."

Mpole alikuwa amebanwa miguu yote miwili. Begi lake lilikuwa limepasuka. Unga ulikuwa kila mahali, kwenye viti, kwenye nguo, umechanganyika na damu yake ukawa uji. Miaka mitatu Kulabu hakuwahi kuukaribia kiasi kile. Alivua kitambaa kichwani, akakifunga puani, akakizungusha mara ya pili. Akatambaa hadi dirishani kupachika kulabu kwenye ubavu wa trela. Mpole alikuwa anasinzia, na watu wa ajali wanajua, anayesinzia hapo haamki.

Maneno yanayofuata aliyasikia Babu Grisi, na Mpole mwenyewe, kutoka kitandani, hakuyakana.

"Mpole. Fungua macho. Mwakani, mwezi kama huu, uko wapi?"

"Niache nife."

"Hilo nilishalijibu mimi zamani. Tafuta jingine. Asubuhi au mchana?"

"Sioni kitu."

"Tazama. Asubuhi au mchana?"

"...Asubuhi."

"Umevaa nini miguuni?"

"Sina viatu."

"Basi sakafu ina baridi. Endelea. Nani yuko jikoni?"

Kulabu akainua mkono, Babu Grisi akavuta wenzo wa winchi. Trela likainuka kidogo kidogo. Wazimamoto wakamtoa Mpole kwa mlango wa upande wa pili, anapiga mayowe. Ndiyo, Mpole alipiga mayowe. Na wakati anatolewa, mzigo wa nondo ukateleza. Uzito wote ukaangukia waya mmoja. Waya ukakatika.

Waya wa winchi ukikatika hurudi kama mjeledi. Kila dereva wa brekidauni anajua, na Kulabu alikuwa amewafukuza watu wote wakae mbali. Yeye alikuwa bado amechuchumaa dirishani. Ulimpiga kifuani na shingoni. Akafa palepale.

"Nilikuwa bado nimeshika wenzo," Babu Grisi anasema. "Niliendelea kuvuta. Sijui nilikuwa navuta nini."

Mpole yuko hai. Amekatwa miguu, yuko chini ya ulinzi. Mdogo wake Kulabu hataki kumsikia. "Mimi ningemwacha," aliniambia. "Weka kwenye redio. Ningemwacha pale, na dada yangu angekuja kula chakula cha mchana." Nimeliweka, dada. Hakuna mwenye haki ya kukuhukumu.

Mazishini mdogo wake alisimama mbele kabisa, karibu na kaburi kuliko mtu yeyote. Mshauri wa kliniki alikuwepo. Watatu kati ya wale anaowatibu walikuwepo pia.

Wasikilizaji wapendwa, redio hii inatoa pole kwa mama, kwa mdogo wake, kwa Babu Grisi na mafundi wote wa yadi. Na kama nyumbani kwako kuna mtu ambaye unga umemfupishia macho, na umeshamuuliza mara mia kwa nini hana haya, leo jaribu kumuuliza swali jingine, kisha umpe muda wa kutafuta jibu. Na kama umeweka komeo kwenye mlango wako, usione aibu. Liache mpaka wewe mwenyewe uwe tayari. Kliniki zipo. Mlango wa kwanza ni wa hospitali iliyo karibu nawe.

Nilipokuwa natoka kwao, mama alinisindikiza hadi kwenye ngazi. Watu walikuwa bado wanaingia kumpa pole, na kila mmoja alimwambia neno lilelile, kwamba mwanao alihangaika sana, sasa amepumzika. Mama aliitikia kwa adabu. Walipopita ndani, akanishika bega kwa ule mkono mzima.

"Wakosoe kwenye hiyo redio yako," akasema. "Mwanangu hakuwa amechoka. Ndiyo kwanza alikuwa ameanza."